Nta ngumu, ya kati au laini: fundi wa meno bandia wa Nairobi achague ipi?

Muuzaji wa vifaa vya maabara ya meno aliyeniuzia boksi langu la kwanza la nta, ile tunayopangia meno bandia na kufinyangia ufizi wake, alikuwa na hoja fupi: huku kwetu ni joto, beba ngumu. Boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa kwamba ni la nchi za joto, nami nikajua nimepatia. Julai ikafika. Nilifungua chumba changu cha kazi pale Ngara saa moja asubuhi, sweta mbili mwilini, nikakuta seti ya juu niliyoipanga jana yake ina ufa mwembamba nyuma ya meno ya mbele. Nilipoinyanyua tu, jino moja likachomoka likaanguka, likalia kwenye sakafu ya simiti.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na vyumba vyetu havina hita. Anayefinyanga nta Mombasa na anayefinyanga Nairobi wako nchi moja lakini hawako meza moja. Ndiyo maana fundi mdogo akiniuliza anunue nta gani, namrudishia swali: kazi yako itapita wapi kabla haijaingia kwenye flaski, ile kasha ambamo nta huondolewa na akriliki, yaani plastiki ya meno bandia, huchukua nafasi yake? Itakaa mezani siku ngapi, itakaa mdomoni mwa mgonjwa dakika ngapi, na itasafiri vipi kati ya wewe na daktari?

Zilivyo zenyewe

Zote tatu ni za ukoo mmoja. Sehemu kubwa, kama robo tatu, ni nta ya parafini au ya serisini. Ndani yake hutiwa nta ya nyuki, ambayo huipa nta ule unato na kukubali kukunjwa, kisha karnauba kidogo, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazil, na hiyo ndiyo huikaza. Kubadilisha vipimo vya mchanganyiko ndiko kunakozaa laini, ya kati na ngumu. Kwenye viwango vya Marekani zinaitwa aina ya 1, ya 2 na ya 3.

Kuzipima ni jambo rahisi. Kipande kifupi cha nta hubebeshwa uzito kwa dakika 10 kwenye joto lililopangwa, kisha huangaliwa kimefupika kwa asilimia ngapi. Haya ndiyo masharti yake:

| Joto | Laini | Ya kati | Ngumu |
|---|---|---|---|
| Nyuzi 23 | isizidi 1.0% | isizidi 0.6% | isizidi 0.2% |
| Nyuzi 37 | 5 hadi 90% | isizidi 10% | isizidi 1.2% |
| Nyuzi 45 | haipimwi | 50 hadi 90% | 5 hadi 50% |

Mstari wa kwanza ndio meza yangu siku nzuri ya Februari. Hapo hakuna nta inayolegea. Hata ile laini hairuhusiwi kufupika zaidi ya asilimia moja. Basi ukinunua ngumu kwa sababu ya joto la chumba cha Nairobi, umenunua mwavuli wa kuvaa ndani ya nyumba. Mstari wa pili ndio mdomo. Wa tatu, mimi huuita mstari wa boda, na nitaufikia.

Mdomoni

Hapa nta ngumu inastahili sifa zake zote. Mdomo wa mgonjwa wa Nairobi una joto lile lile la mdomo wa mgonjwa wa Lamu, na ukuta wa nta ambao daktari hutumia kupimia namna mgonjwa anavyouma hukaa humo muda mrefu kuliko tunavyodhani. Ukuta wa juu hutoka maabara ukiwa na kimo cha kama milimita 22 kwa mbele, kuanzia kwenye kina cha bonde lililo kati ya mdomo na ufizi hadi ukingoni. Wa chini kama 18. Daktari ataupunguza, ataongeza, atamwambia mzee "funga mdomo, meza mate, funga tena." Kila kufunga ni uzito unaoishukia nta yenye nyuzi 37. Ya kati inaruhusiwa kufupika hadi asilimia 10. Si lazima ifike huko, lakini ikisogea hata nusu milimita upande mmoja tu, kipimo kinachorudi kwangu kinanidanganya, na sitajua hadi siku ya kujaribu meno mdomoni, mgonjwa atakapouma upande wa kulia huku wa kushoto ukipitisha hewa.

Kwa hiyo kuta za nta natengeneza kwa ngumu, mwaka mzima, bila mjadala. Daktari mmoja ninayemfanyia kazi hulalamika kwamba ngumu humchosha akitaka kuichora mstari wa katikati na mistari ya chonge. Namwambia, "Dakta, pasha kisu." Tunacheka, kisha tunaendelea vile vile.

Mezani

Ngumu haitaki haraka. Ukitaka kuikunja karatasi yake asubuhi ya baridi, inavunjika kama chapati ya juzi. Ukiiyeyusha na kuimwaga kuzunguka meno, husinyaa inapoganda kama nta yoyote, ila ngumu ikishaganda haina subira: badala ya kunyooka kidogo inapasuka, au inaachia shingo ya jino. Ya kati ina uvumilivu. Unaweza kuipasha, ukasogeza jino la pembeni nusu milimita, ukaliacha, likakaa.

Lakini ya kati nayo ina msimu wake mbaya. Machi mchana, dirisha likiwa limeelekea magharibi, kisu cha kuchonga huanza kuipaka badala ya kuikata. Kingo za ufizi zinakuwa na kamasi. Dawa ni beseni la maji baridi pembeni: zamisha kazi dakika mbili tatu, futa, chonga, zamisha tena. Baridi ya Julai kwa nta ngumu haina dawa rahisi hivyo, kwa sababu ukiipasha juu juu, ganda la nje linalainika huku moyo wake ukibaki mgumu, na hapo ndipo mkazo unapojificha. Ukitaka kuilainisha sawasawa uiweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi joto liingie ndani, si kuipitisha kwenye moto mara moja na kuanza kukunja.

Huo mkazo uliojificha ndio unaosogeza meno usiku wakati wewe umelala. Nta iliyokunjwa ikiwa haijapata joto sawasawa hukumbuka ilikotoka, na taratibu hurudi. Hakuna aina isiyofanya hivyo. Ninachofanya ni kumwaga nta nyuma ya meno kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, nisimalize upande mmoja wote kwa pigo moja, kisha narudi kwenye artikuleta, kifaa kinachoshika modeli za taya mbili na kuigiza kuuma, kuangalia kama pini yake ya mbele, inayolinda kimo, bado inagusa. Pini ikiinuka, meno yamesogea, na kosa hilo halijirekebishi lenyewe. Kazi ikirudi kutoka kwa daktari na kibali, naiingiza kwenye flaski siku hiyo hiyo. Umbo la nta linalolala rafu wiki nzima likisubiri mgonjwa akamilishe malipo si umbo lile daktari aliloliona.

Kwa kupanga meno na kufinyanga ufizi, basi, hapa Nairobi nachagua ya kati.

Na laini? Laini hukubali kisu upesi na uso wake hupendeza, na wapo mafundi wanaopaka tabaka la mwisho la ufizi kwa laini juu ya ya kati. Mimi sifanyi hivyo ikiwa seti bado haijajaribiwa mdomoni, kwa maana nyuzi 37 zinatosha kuiharibu kidole cha daktari kikiigusa. Baada ya jaribio, ukitaka, tumia. Boksi moja la laini hunikalia mwaka.

Njiani

Nilituma kuta za nta kwa boda kutoka Ngara hadi kliniki moja upande wa Ngong Road. Ilikuwa Februari, saa saba mchana, na siku hiyo nta ngumu ilikuwa imeniishia. Mwenye boda alipitia kwa wateja wengine wawili kwanza, mzigo wangu ukiwa kwenye sanduku jeusi nyuma, juani. Daktari alinipigia simu: "Fundi, umenitumia ndizi." Ukuta wa chini ulikuwa umelala upande wa ulimi.

Sanduku jeusi juani hufika nyuzi 45 bila kujitahidi, na buti ya gari lililoegeshwa vivyo hivyo. Rudi kwenye jedwali: hapo nta ya kati inatakiwa kufupika angalau nusu ikibebeshwa uzito. Ngumu ingejaribu kushikilia, ingawa nayo ina mpaka wake. Kama kazi zako zinakwenda mbali, tuseme Machakos au Kitui kwa matatu, chagua ngumu hata kwa kupanga meno na ukubali taabu ya kuifinyanga. Kama kliniki iko umbali wa kutembea, usijitese. Kazi iwe ya nta yoyote, ifunge na modeli yake ya plasta kwenye karatasi yenye unyevu, ndani ya mkebe wa plastiki wenye rangi nyeupe, na umwambie mwenye boda aende moja kwa moja hata kama ni shilingi hamsini zaidi.

Ukiwa na pesa ya boksi moja tu, nunua ya kati, na tengeneza kuta za kupimia ziwe pana kidogo nyuma, kama milimita 10, zipate nguvu.

Kujaza kisha kuchonga, au kudondosha kidogo kidogo

Uchaguzi huu wa pili hauhusu boksi, unahusu mkono wako. Njia ya kwanza ndiyo inayofundishwa wanafunzi wengi: unamwaga nta nyingi upande wa shavu hadi ifunike shingo za meno, unaacha ipoe kabisa, kisha unachonga kwenda chini. Njia ya pili ni kudondosha nta kwa ncha ya moto, tone kwa tone, pale tu ufizi unapotakiwa kuwa mnene, na kuchonga kidogo mwishoni.

Kujaza kunasamehe. Ukikosea kuchonga, nta ipo ya kutosha. Pia unaona umbo zima kwa mara moja, na hilo ni kubwa, kwa sababu uso wa nje wa meno bandia si pambo. Bawa, yaani ukuta wa ufizi bandia, la upande wa shavu likiwa na bonde jepesi, misuli ya shavu hulilalia na kulikandamiza mahali pake. Likivimba nje, kila tabasamu linalisukuma. Upande wa ulimi kwenye taya la chini ni hivyo hivyo: nta iteremke kuelekea ndani chini ya meno bila kuacha mfuko ambao ulimi utaingia chini yake na kuinua seti. Mgonjwa anayesema "meno ya chini yananirukia nikiongea" mara nyingi hana tatizo la taya. Tatizo ni fundi aliyeacha nta nene chini ya magego.

Hasara ya kujaza ni ile nta nyingi ya moto. Inasinyaa nyingi, inavuta meno mengi. Kudondosha huleta joto kidogo kwa wakati mmoja, meno hayashtuki, na fundi aliyezoea hufanya haraka na taka ni kidogo. Ila kudondosha kunahitaji uwe tayari unaona ufizi kichwani. Anayeanza hutengeneza vilima vya mizizi vinavyofanana vyote, na mdomo wa mtu hauko hivyo. Taya la juu, mzizi wa chonge ndio mrefu kuliko yote ya mbele, kwa hiyo kilima chake kiwe kirefu zaidi na kionekane zaidi. Wa jino la pili kutoka katikati ndio mfupi. Taya la chini chonge bado ni mrefu, na meno mawili ya katikati ndiyo mafupi. Ukiviweka hivi sawa, mtu akicheka hutajua kirahisi kwamba ni bandia.

Njia yoyote utakayochukua, mkato kwenye shingo ya jino ushike kisu kwa mlalo wa kama nyuzi 45, ili ufizi uwe na mdomo mdogo unaokutana na jino, usiwe ukuta. Na kaakaa: karatasi moja ya nta ina unene wa milimita 1.5 hivi, kwa hiyo peke yake haitoshi. Baada ya kung'arisha akriliki utapoteza kidogo, na unataka ubaki na milimita 2 au 2.5 ili isivunjike. Usiongeze zaidi ya hapo. Kaakaa nene humfanya mtu azungumze kama ana mua mdomoni.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mazoezi nawaanzisha kwa kujaza. Mimi mwenyewe siku hizi nadondosha, isipokuwa taya la chini lililokwisha kabisa, ambapo hakuna tuta la kushikilia na umbo la bawa ndilo kila kitu. Hapo najaza.

Ufizi wenye vinundu au laini tititi

Shuleni alama zilikuwa kwenye ufizi uliochongwa kila mzizi, kisha ukadundwa kwa mswaki uliokatwa nywele ili uwe na vidoti kama ganda la chungwa. Unapendeza sana mezani. Mbele, kwa mteja mwenye mdomo wa juu mfupi unaoonyesha ufizi akicheka, naufanya, na hasa kwa mwalimu, mhubiri au mtangazaji.

Lakini mteja wangu wa kawaida ni shosho wa miaka 75 anayekunywa chai ya maziwa mara nne kwa siku na haoni vizuri. Vidoti hukusanya rangi ya chai na uchafu, na mashine ya kung'arisha hupita juu yake bila kuingia ndani. Shosho mmoja alirudi baada ya miezi minane, akavua seti, akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, mbona yangu yameota kutu?" Nilisugua alasiri nzima. Tangu siku hiyo, nyuma ya chonge naacha ufizi bila vidoti, na vipembe vya ufizi kati ya meno navijaza vitune kidogo kwa nje ili chakula kiteleze, kisitie nanga.

Kulainisha kwenyewe, moto mwepesi wa spiriti uliopulizwa upite haraka, kisha pamba yenye maji baridi. Moto ukikaa, unafuta kazi yote uliyochonga, na ngumu hapa husumbua kuliko ya kati kwa kuwa unaishawishi muda mrefu hadi ghafla inatiririka yote.

Moto

Taa ya spiriti ni rahisi, ina moto mdogo, na kwa Nairobi ndiyo inayokuokoa stima ikipotea. Gesi ya mtungi ni kali na ya haraka kwa kuyeyusha nyingi. Nta ikianza kutoa moshi umeiunguza, na iliyounguzwa haishiki vizuri tena. Kisu cha umeme chenye kudhibiti joto ni kizuri kwa kudondosha kuliko vyote viwili. Nunua wakati una kazi ya kukilipa, na usiitupe taa.

Maji ya Nairobi hayafiki mia

Hili nashangaa halisemwi sana. Kwa kimo chetu maji huchemka kama kwenye nyuzi 94. Kwa kuondoa nta haina shida: flaski ikae kwenye maji yanayochemka dakika 4 hadi 6, nta ilainike, fungua, itoke kwa vipande, kisha mwagia maji mengine safi yanayochemka yenye sabuni hadi plasta isiache alama ya mafuta. Ngumu huhitaji kumwagiwa mara moja zaidi, basi.

Shida iko kwenye kupika akriliki. Maelekezo mengi hutoa njia mbili: nyuzi 74 kwa saa 2 kisha 100 kwa saa 1, au nyuzi 74 kwa saa 8 au zaidi bila kuchemsha. Hiyo 100 kwenye sufuria iliyo wazi hapa haipo. Nachagua ndefu, naiacha usiku, na kama stima ya mtaa wako ni ya kubahatisha, anza alfajiri ili uwe unaiangalia.

Kompyuta, kwa ufupi

Seti zinazochongwa na mashine kutoka kwenye akriliki iliyokwisha kupikwa, au zinazochapishwa, hazipiti kwenye nta, na akriliki ya zile za kuchongwa haisinyai mkononi mwako. Faili hubaki, mgonjwa akipoteza seti kwenye harusi ya kijijini unamtengenezea nyingine bila kumpima upya. Kwa maabara inayotoa seti kamili nyingi kila wiki, piga hesabu. Kwa anayetoa tatu au nne kwa mwezi, mashine itakula kodi ya nyumba. Na bado huwezi kuchora ufizi kwenye skrini kama hujawahi kuuchonga kwa mkono.

Nta iliyotumika

Wengi huniuliza kama nta inayotoka kwenye flaski inaweza kurudi kazini ili kuokoa gharama. Imekwisha kuchanganyika na maji, ina vumbi la plasta na mabaki ya kitenganishi, kile kinachopakwa plasta isishikane, na karnauba yake haiko tena kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye boksi, kwa hiyo hata jedwali la hapo juu halikuhusu. Naikusanya kwenye mkebe wa Blue Band na kuitumia kuzungushia kingo za alama za taya zilizochukuliwa mdomoni kabla ya kumwaga plasta. Mwanafunzi akiileta mezani kwa kupanga meno, namrudisha nayo kwenye mkebe.